Barua ya wazi kwa uongozi wa Kaunti ya Kisumu: anzeni na lango la shule, mzani ufuate baadaye

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kisumu. Mawaziri wa Kaunti wanaosimamia afya, elimu na biashara. Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti. Waheshimiwa wawakilishi wadi. Na wenyeviti wa bodi za usimamizi wa shule.

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kuhusu unene wa kupita kiasi kwa watoto wa umri wa shule, na ombi letu ni moja. Kabla ya kutenga pesa za kampeni, fulana na siku ya kupima uzito, kagueni kwanza kile ambacho shule na mtaa vinampa mtoto ale, anywe na acheze. Sehemu kubwa ya mamlaka hayo mnayo tayari kisheria.

Tunajua pingamizi litakalotangulia: kaunti ambayo kliniki zake bado zinapokea watoto waliodumaa itapoteza vipi muda kwa watoto wanene? Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na asilimia 3 tu wana uzito uliozidi. Lakini utafiti huohuo ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Kati ya mtoto wa miaka 5 na mama wa miaka 30 kuna kipindi kirefu ambacho mwili unabadilika bila mtu kuangalia, na sehemu kubwa ya kipindi hicho mtoto yuko shuleni. Isitoshe, aliyedumaa akiwa mdogo, kisha akalelewa kwa wanga, mafuta na sukari, yuko katika hatari zaidi ya kunenepa vibaya. Matatizo haya mawili hukaa katika nyumba moja, wakati mwingine katika mtoto mmoja.

Mwezi Septemba 2025 UNICEF ilitangaza kwamba, kwa mara ya kwanza, duniani watoto wa miaka 5 hadi 19 wenye unene wa kupindukia (asilimia 9.4) wamewazidi wale wenye uzito pungufu (asilimia 9.2). Afrika kusini mwa Sahara na Asia Kusini ndizo sehemu pekee ambazo hazijafika huko. Kwa hiyo sisi bado tuna nafasi ya kuzuia, kazi ambayo gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na kutibu kisukari na shinikizo la damu baadaye.

Sababu ya kuwaomba msianze na mzani ni hii. Singapore ilianzisha mwaka 1992 mpango wa shule uliowatenga watoto wanene na kuwapa mazoezi ya ziada. Idadi ya watoto wanene ilipungua, lakini watoto hao walijulikana shule nzima, wakachekwa na kuchokozwa, na mwaka 2007 mpango ukafungwa, mahali pake pakachukuliwa na mpango wa afya wa watoto wote. Hapa kwetu mtoto mnene tayari anaitwa kibonge darasani, mara nyingine na mwalimu mwenyewe. Ukimweka kwenye foleni yake peke yake umempa sababu ya kuchukia uwanja na kula kwa kujificha. Mazingira yakibadilika kwa wote, mnene na mwembamba hufaidika pamoja, na hakuna anayenyoshewa kidole.

Tuanze basi na lango.

Wakati wa mapumziko ya asubuhi katika shule nyingi za Manyatta, Nyalenda, Obunga na Kondele, mtoto ana dakika 20 na sarafu chache mkononi. Langoni au kupitia tundu la ua anapata mandazi, soseji za smokie, krispi za pakiti, barafu ya rangi kwenye nailoni, juisi ya unga iliyokorogwa kwenye ndoo, na soda akiwa na pesa zaidi. Ananunua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni njaa: ametoka nyumbani kabla ya saa kumi na mbili na nusu akiwa amekunywa chai ya rangi pengine na kipande cha mkate. Ya pili ni kiu: maji ya shule hayatoshi au hayaaminiki. Mpango wowote usiotatua njaa na kiu utashindwa hata ukiwa na mabango mazuri namna gani.

Hesabu ya sukari ni rahisi. Soda za kawaida zina takriban gramu 10 hadi 11 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 300 ni kama gramu 32, yaani vijiko 8 vya chai. Ya nusu lita inakaribia vijiko 13. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtoto anayehitaji kalori 1,500 kwa siku, asilimia 10 ni gramu 37 na asilimia 5 ni chini ya gramu 20. Chupa moja ndogo pamoja na chai ya asubuhi yenye vijiko vitatu imeshavuka mpaka wa juu kabla ya chakula cha mchana. Na sukari inayonywewa haishibishi kama chakula: mtoto atakula mlo wake wote kama kwamba hakunywa chochote.

Amri ya kuwafukuza akina mama wanaouza langoni hatuiungi mkono. Imejaribiwa mara nyingi mijini: askari wanakuja, sufuria zinamwagwa, na baada ya muda mfupi biashara inarudi upande wa nyuma wa ua, mahali ambapo afisa wa afya hafiki. Mama anayeuza mandazi ana karo ya kulipa na hajakusudia kumdhuru mtu. Mpeni sababu ya kuuza kitu kingine. Jedwali la Nne la Katiba, sehemu ya pili, linaipa kaunti utoaji wa leseni na udhibiti wa biashara zinazouza chakula kwa umma. Tumieni hilo hivi: muuzaji aliye karibu na lango la shule alipe ada ndogo ya kibali, au asilipe kabisa kwa mwaka wa kwanza, iwapo amesaini kuuza vyakula vya orodha fupi. Orodha iwe fupi kweli. Viazi vitamu au muhogo wa kuchemsha, mahindi ya kuchemsha, nyoyo (mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja), mayai ya kuchemsha na kachumbari, njugu karanga za kiganja kimoja, ndizi mbivu, mapera, maembe, papai na tikiti la kukatwa na kufunikwa, uji usiozidi kijiko kimoja cha sukari kwa kikombe. Vyote vinapatikana katika soko la Kibuye, na watoto wa huku wanavipenda wakivipata vikiwa moto na safi.

Mambo matatu huharibu mpangilio wa namna hii. Kwanza, orodha ya kurasa nne ambayo muuzaji hawezi kuikumbuka na afisa hawezi kuikagua. Pili, ukaguzi unaotazama usafi peke yake: afisa wa afya ya umma anaangalia cheti cha mpishi na maji ya kunawa, kisha anaondoka huku ndoo ya juisi ya rangi ikiwa mbele yake. Fomu ya ukaguzi iongezwe mistari miwili, mmoja wa vinywaji vya sukari na mmoja wa mafuta ya kukaangia, kwa sababu mafuta yaliyotumika hadi yakawa meusi na kutoa povu yanapaswa kumwagwa. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, kantini ya shule yenyewe. Muuzaji wa nje anakatazwa soda ilhali ndani ya ua kantini inauza soda na krispi, kwa kuwa kodi yake inalipa mlinzi au umeme. Mwalimu mkuu hawezi kuifunga bila kujua pengo hilo litazibwa na nini. Bodi ziandike mkataba wa kantini upya unapoisha, orodha iwe ileile ya langoni, na katika muhula wa kwanza kodi ishushwe ili mwenye kantini asibebe hasara peke yake. Chile ilikataza mwaka 2016 kuuza shuleni bidhaa zenye alama ya onyo la sukari, chumvi au mafuta mengi, na sheria yao iligusa kantini pia. Bila kantini hakuna mpango.

Kuhusu matangazo tutasema machache kwa sababu jambo liko wazi. Udhibiti wa matangazo ya nje ni kazi ya kaunti kwa Katiba hiyohiyo. Mabango ya shule yenye jina la shule upande mmoja na nembo ya soda upande mwingine, na maduka yaliyopakwa rangi za kampuni za vinywaji yakitazama lango la chekechea, ni vitu mnavyoviruhusu nyinyi. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliidhinisha mwaka 2010 mapendekezo kwamba mahali watoto wanapokusanyika pasiwe na matangazo ya vyakula na vinywaji vyenye sukari, chumvi au mafuta mengi. Ubao wa mbao na rangi nyeupe unatosha kuandika jina la shule.

Sasa maji. Kisumu ina joto, na mtoto aliyecheza anahitaji kunywa. Chukueni shule ya watoto 800. Mtoto mmoja akitumia sekunde 15 kujaza kikombe, bomba moja linahudumia watoto 80 katika dakika 20 za mapumziko. Shule yenye mabomba mawili imewanywesha watoto 160, na waliobaki 640 wanarudi darasani na kiu au wanakimbilia barafu ya rangi. Mabomba 10 kwenye paipu moja ndefu iliyounganishwa na tangi yanatosha wote. Kwa lita moja kwa kila mtoto kwa siku, tangi la kunywa liwe na angalau lita 1,000, litenganishwe na maji ya choo na ya kuosha, litiwe klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kusubiriwa dakika 30, kisha mtu mmoja mwenye jina awe na jukumu hilo kila asubuhi. Wazazi wa mji ulioshuhudia kipindupindu hawatawaambia watoto wao wanywe maji ya bomba kwa ahadi ya mdomo. Bandikeni karatasi kando ya tangi: tarehe, saa, nani ametia dawa. Kila mtoto aje na kikombe au chupa yake.

Elimu ya chekechea iko chini yenu moja kwa moja, kwa hiyo uji wa chekechea hauhitaji ruhusa ya mtu mwingine. Kwa watoto 40, kila mmoja mililita 250, mnahitaji lita 10 za uji, na unga kilo moja: wimbi gramu 600, mtama gramu 200, soya gramu 200. Soya ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, kwani mbichi ina kemikali inayozuia protini kumeng'enywa na huwasumbua watoto tumbo. Lita 2 kati ya hizo ziwe maziwa, yaongezwe mwishoni na yachemke. Ndizi mbivu tano zilizopondwa hutia utamu. Sukari isizidi gramu 200 kwa sufuria nzima, yaani gramu 5 kwa mtoto.

Hapo kwenye sukari ndipo mipango mingi hukwama. Jiko linalotumia gramu 600 likiamriwa kushuka hadi 200 siku moja, watoto watamwaga uji, mpishi ataona aibu, na sukari itarudi kimyakimya. Punguzeni gramu 100 kila baada ya wiki mbili. Kwa wiki nane mtafika, ulimi wa mtoto utakuwa umezoea, na hakuna atakayegundua. Mpishi apewe kikombe cha kupimia chenye alama. Maneno kama "kiasi" au "ladha" yasitumike katika maelekezo. Na tafadhali msipunguze uji wenyewe kwa jina la kuzuia unene. Mtoto wa miaka minne asiye na kifungua kinywa anauhitaji wote.

Kwa shule zinazopika chakula cha mchana, kipimo cha mpango wa kitaifa wa lishe shuleni kinajulikana: kwa mtoto mmoja, gramu 150 za nafaka, 40 za jamii ya kunde, 5 za mafuta na chumvi kidogo. Gramu 5 za mafuta kwa watoto 200 ni kilo moja, zaidi kidogo ya lita. Sufuria ya githeri inayomiminiwa lita tano kwa watoto hao imeongeza kalori zaidi ya 150 kwa kila sahani bila kumpa mtoto kitu cha maana. Kinachokosekana katika kipimo hicho ni mboga na matunda. Sukuma, osuga (mnavu), apoth (mrenda), dek (mgagani) au majani ya kunde, gramu 60 hadi 80 kwa mtoto, vyatosha kubadilisha sahani, na bustani ya shule inaweza kutoa sehemu yake ikiwa kuna anayemwagilia wakati wa likizo. Bustani nyingi za shule hufa Agosti na Desemba. Lipeni mtu.

Tukija kwenye mazoezi, Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za kucheza hadi apumue kwa kasi. Baada ya mageuzi ya mtaala yaliyofuata ripoti ya mwaka 2023 ya jopokazi la Rais kuhusu mageuzi ya elimu, elimu ya michezo katika shule za msingi iliunganishwa na sanaa na muziki katika somo moja. Matokeo yake yanatabirika: mwalimu mwenye darasa la watoto 60 na mpira mmoja atachagua kuchora, kwa sababu kuchora hakuhitaji uwanja wala kelele. Hatumlaumu. Tunaomba Mkurugenzi wa Elimu aagize ratiba za shule zionyeshe waziwazi ni vipindi vipi vya somo hilo ni vya uwanjani, na maafisa wa mitaala wavikague kama wanavyokagua hisabati.

Kipindi chenyewe kikipangwa vibaya hakina faida. Dakika 35, mpira mmoja: watoto 22 wanacheza, kati yao labda 10 ndio wanaokimbia kweli, na 38 wameketi chini ya mwembe. Watoto wanene na wasichana wakubwa ndio wa kwanza kukaa. Gawanyeni darasa makundi sita ya watoto kumi. Wekeni vituo sita: kamba ndefu ya mita 5 au 6 inayozungushwa na wawili, kamba fupi za mita 2 na nusu za mtu mmoja, bladda (kuruka kamba ya mpira inayovutika), mchezo wa kati, yaani kukwepa mpira unaorushwa, kwa mpira wa soksi au wa karatasi za nailoni, mbio za kupokezana za mita 20, na kubeba chupa za maji zilizojazwa mchanga kutoka mstari hadi mstari. Dakika nne kila kituo, dakika moja kubadilishana, na kwa dakika 30 hakuna aliyekaa. Vifaa vyote vinanunulika kwa bei ya mipira miwili mizuri. Mwalimu asipige hesabu ya nani ameshinda; hesabu iwe ya kila mtoto na jana yake. Vipindi hivi viwekwe kabla ya saa nne na nusu asubuhi, maana jua la alasiri la Kisumu humkatisha tamaa hata mtoto mwenye nguvu. Wasichana waruhusiwe kuvaa suruali ya michezo, na pawe na mahali pa kubadilishia nguo penye mlango unaofunga. Shule nyingi hupoteza wasichana wa darasa la sita kwenda juu kwa sababu ya mlango tu.

Kuna shule za kupanga katika ploti ambazo hazina uwanja kabisa. Viwanja na bustani za umma viko chini ya kaunti, na shule hizo zinaweza kupewa zamu ya asubuhi kwa ratiba iliyoandikwa. Pale uwanja wa shule ya umma unaponyemelewa na jengo jipya, tafadhali mwone uwanja kama darasa. Na watoto wanaokaa chini ya kilomita mbili kutoka shule watembee, mradi njia iwe salama: ukingo wa barabara uliotengwa, matuta na kivuko mbele ya lango, na mtu mzima mmoja kwa watoto kumi au kumi na wawili akiwakusanya nyumba kwa nyumba. Leo mzazi anampakia mtoto bodaboda watatu watatu kwa kuogopa magari, na woga wake una msingi.

Usingizi haumo katika mipango mingi tuliyoisoma, nao una uzito mkubwa. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Anayeamshwa saa kumi na nusu alfajiri kungoja gari la shule angetakiwa awe amelala saa moja na nusu jioni, saa ambayo bado ana kazi ya nyumbani na televisheni inawaka. Anapata usingizi wa saa saba au chini yake. Asiyelala vya kutosha hupandisha homoni ya njaa na kushusha ile ya kushiba, kisha mchana hutafuta vitu vitamu na hana nguvu ya kucheza. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinasema masomo ya shule za kutwa yaanze saa mbili asubuhi na kuisha saa tisa na nusu, kisha michezo na shughuli nyingine hadi saa kumi na dakika 45. Saa hiyo na robo ya jioni ndiyo inayoliwa na tuisheni. Tekelezeni kanuni iliyopo, haihitaji shilingi.

Kwa upande wa nyumbani tunaomba wahamasishaji wa afya ya jamii wapewe ujumbe mchache wanaoweza kuurudia bila kitabu. Sahani ya mtoto: nusu mboga na matunda, robo ugali au wanga mwingine, robo samaki, omena, yai au maharagwe. Ugali wa mtoto ni kiasi cha ngumi yake, si ya baba. Apakuliwe sahani yake ndogo, na akisema ameshiba aachwe. Kumlazimisha amalize ni kumfundisha kutosikiliza tumbo lake. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko: kijiko kikubwa kimoja kina kalori kama 120. Viazi vya kuchemsha vya gramu 100 vina kalori kama 87, vikiwa chipsi vinafika karibu 300. Omena wa kuchemsha na nyanya ana protini na kalisi ileile bila kuogeleshwa kwenye mafuta. Tunda liliwe zima kuliko kukamuliwa. Soda ibaki ya sherehe, isiwe ya mgeni yeyote anayebisha hodi.

Lakini wahamasishaji wafundishwe pia kuzungumza kwa upole. Katika eneo hili UKIMWI ulichukua watu wengi, na kwa miaka mingi mwili mwembamba ulihusishwa na maradhi. Nyanya anayefurahi kuona mjukuu amenona anashukuru Mungu kwamba mtoto ni mzima. Ukimwambia kwamba anamwua mjukuu umempoteza yeye na nyumba yote. Mwambie kwamba mtoto aliyeshiba vizuri anakimbia, analala bila kukoroma na ngozi ya shingo yake haina weusi, na mwombe akusaidie. Akina baba nao waitwe kwenye mazungumzo, kwa kuwa pakiti ya chipsi ya Ijumaa jioni na pesa za mfukoni za mtoto mara nyingi hutoka kwao.

Mzani utakuja baada ya haya, na ukija utumike kwa ustadi. Pimeni watoto wote mara moja kwa mwaka, kwa faragha, nyuma ya pazia, mtoto mmoja mmoja, bila kutaja namba kwa sauti. Mzani ukae juu ya sakafu ya saruji iliyosawazika, usomwe hadi gramu 100. Mtoto avue viatu na sweta. Urefu upimwe kwa kipimo kilichobandikwa ukutani, visigino na makalio yakigusa ukuta, macho yakitazama mbele, na nywele zilizofungwa juu zifunguliwe.

Huu hapa mfano wa kwa nini tunasisitiza. Msichana wa miaka 10 ana kilo 44 na urefu wa mita 1.38. Uzito ukigawanywa kwa urefu uliozidishwa wenyewe unatoa 23.1. Kwa chati ya watu wazima, ambayo vituo vingi vya afya vimeibandika ukutani, 23.1 ni kawaida kabisa, na ataambiwa aende nyumbani. Kwa chati ya Shirika la Afya Duniani ya umri wake, wastani ni 16.6, uzito uliozidi huanza baada ya 19.0 na unene wa kupindukia baada ya 22.6. Huyu amevuka. Sasa mpime akiwa na viatu na nywele zimerundikwa, urefu usome mita 1.42: jibu linakuwa 21.8, na anashushwa daraja kwa kosa la sentimita nne. Kila kituo kipewe chati ya miaka 5 hadi 19, ya wavulana na ya wasichana.

Matokeo yaende kwa mzazi katika bahasha iliyofungwa, pamoja na mahali pa kwenda. Rufaa ya haraka iwe kwa mtoto mwenye weusi mzito wa ngozi shingoni au makwapani, anayekoroma na kukatizwa pumzi usingizini, anayechechemea au kuumwa nyonga na goti, au anayekojoa na kunywa maji kupita kawaida. Mtoto mnene ambaye pia ni mfupi kuliko wenzake na haongezeki urefu aonwe na daktari, kwa kuwa wengi wanaonenepa kwa chakula huwa warefu kwa umri wao, na ufupi unaweza kuashiria tatizo la homoni. Wengine wote hawahitaji kupunguzwa kilo. Uzito ukisimama au kupanda polepole kwa mwaka mmoja au miwili wakati urefu unaongezeka, uwiano hurekebika wenyewe. Hakuna dawa za kukonda, hakuna chai za kukonda, hakuna kunyimwa chakula cha jioni.

Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti unatakiwa kufika katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Tunaomba vifungu vinne viandikwe humo kwa majina: mabomba ya maji ya kunywa kwa shule na vituo vya chekechea, unga na maziwa ya uji wa chekechea pamoja na vikombe vya kupimia, vifaa vya vituo vya michezo, na mizani, vipimo vya urefu na chati za watoto kwa kila zahanati. Punguzo la ada ya wauzaji wa langoni liingie katika Mswada wa Fedha wa kaunti, maana lisipoandikwa humo mkusanyaji wa ada hatalitambua. Anzeni na shule kumi, tano za umma na tano za binafsi, kwa mihula mitatu, na mchapishe kile kilichoshindikana pamoja na kilichofaulu.

Tuko tayari kukaa na maafisa wenu kuandika orodha ya vyakula vya langoni, fomu ya ukaguzi na maelekezo ya upimaji, bila malipo. Tunaomba jibu la maandishi kabla ya vikao vya umma vya bajeti kuanza katika wadi.

Wenu katika utumishi,

Wataalamu wa lishe, walimu wa michezo na wauguzi wa afya ya jamii, Kisumu

Nakala: Katibu wa Bunge la Kaunti, wakurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo zote, wasimamizi wa vituo vya afya, vyama vya wazazi.